Bomba Lililolala Chini

...tena ana haki, kila anachosema ana haki, huyu mhandisi mgeni aliyehamishiwa kwetu juzi tu, amechukua kalamu nyekundu na kulizungushia duara kwenye mchoro bomba la mume wangu, alilolisanifu mwenyewe, pale linapoingia kwenye kalavati, limelazwa chini mno, anasema, mto ukipanda kalavati linajaa na kuziba mdomo wa bomba, basi maji ya mvua yakikosa pa kutokea yanarudi nyuma, yanafumuka barabarani, yanaingia kwenye maduka ya watu, na mwenyekiti wa kikao anaitikia sawa, sawa, huku akifuta miwani, wote wananikwepa macho, wanajua bomba ni la nani, mjane huyo, taratibu jamani, na mimi nimekaza taya kama niliyetukaniwa mzazi, miaka yote nimelitetea, hata fundi cherehani alipokuja ofisini viatu mkononi, suruali imelowa mpaka magotini, “Mama mhandisi, maji yamemeza pedali ya cherehani,” nikamjibu ni takataka zenu, mnaziba mitaro halafu mnakuja kutulaumu, akasema haya mama, akaondoka akiacha nyayo za tope sakafuni... “Tulinyanyue,” anasema mgeni, “mgongo wa bomba ulingane na mgongo wa kalavati, na liingie kwa kulalia upande maji yanakoelekea, lisiyakate kwa ubavu,” limelala, kulala, neno lile lile, kile chumba cha wodini chenye pazia la kijani, mume wangu amekonda, amebaki macho tu, akanishika kiganja nikajua sasa ataniambia, sijui nilitaka nini, neno la kuweka moyoni, kwamba alinipenda, kwamba niwatazame watoto, akasema, “Mke wangu, lile bomba... limelala chini,” nikamwambia pumzika baba watoto, “mto ukijaa...” pumzika, kazi itakusubiri, “nisikilize basi,” nami nikamvuta shuka mpaka kidevuni, nikamnyamazisha kama mtoto mchanga, Mungu anisamehe, nililionea wivu bomba la zege, mimi nipo hapa sijala wala sijalala, yeye anawaza zege, akageuza uso ukutani, hakuniambia tena kitu... “Gharama si kubwa sana,” anasema mgeni, sauti imeshuka, ananihurumia, asinihurumie, wenzake mume wangu wa kazini walikuja wodini mmoja mmoja na machungwa yao, wakakaa, wakapiga soga, hakuna aliyeambiwa habari za bomba, alinisubiri mimi, katika watu wote alinichagua mimi, kwa sababu nilikuwa mkewe na nilikuwa mhandisi, nilichokililia nilikuwa nimekishika mkononi nikakiambia kinyamaze, halafu nikaligeuza bomba kaburi lake, asiliguse mtu, kumbe mwenyewe alitaka lifukuliwe, na fundi wa watu anafagia tope kila masika kwa sababu ya majonzi yangu... mwenyekiti bado anafuta miwani, kalamu bado imegota kwenye duara, ila ile hasira niliyoingia nayo siioni, naitafuta siioni, nimebaki na hamu tu, ningepewa jioni moja pembeni ya kile kitanda nisingeomba neno la mapenzi, ningemuuliza, baba watoto, tulinyanyue kiasi gani, na ningemwacha aseme mpaka achoke mwenyewe.