Rangi Nyeusi ya Kucha

Mke wangu alifia kwenye benchi la hospitali, akimsubiri daktari aliyekuwa semina. Nikadhani wakubwa wameshamalizana naye. Kumbe bado. Juzi wamebandika tangazo kwenye geti la makaburi: kaburi lisilosomeka jina litachimbuliwa, alazwe mwingine. Mkaguzi angepita Jumatatu na kopo la rangi nyekundu kuyatia alama.

Mashimo ya barabarani hawayaoni. Ya makaburini wanayaona vizuri.

Jina la mke wangu nililichora mwenyewe kwa msumari kwenye saruji mbichi, nikiiga herufi za kitambulisho chake. Mvua imelilamba. Ukipitisha kidole unalisikia. Ukitazama huoni kitu. Na mkaguzi hapitishi kidole, anaogopa kuchafuka.

Jumapili nikaenda na patasi nilichonge jina upya. Nikamkuta binti yangu pale na wenzake, weusi tii wote: makoti marefu na jua lile, midomo myeusi, wanja hadi mashavuni, minyororo, mabuti kama ya zimamoto.

"Shikamoo, mzee," akasema dada mmoja mrefu wanayemwita Kunguru.

"Marahaba. Leo mnamzika nani?"

"Hatuziki, tunatembelea."

"Makaburini? Sinema zimefungwa?"

"Sinema wanakufa uongo, mzee."

Binti yangu alikuwa amepiga magoti. Ameshika kichupa cha rangi ya kucha, nyeusi, anajaza michoro yangu kwa kile kiburashi kidogo, herufi moja moja. Ikikauka inang'aa, na maji hayaibandui.

"Shangazi wananikataza kumtaja Mama," akasema bila kuinua kichwa. "Eti nitaumia. Baba, mimi naumia nisipomtaja. Hawa wananiacha niongee. Sisi kifo hatukifichi uvunguni. Kila mtu atakufa, na aliyekufa bado ni mtu."

Mlinzi wa makaburi akaja mbio, rungu mkononi. "Wachawi nyie! Tokeni!" Kisha akanivuta pembeni. "Mzee, wewe wafukuze hawa, la mkeo nitakuombea kwa mkaguzi. Litapona."

"Na haya mengine?"

"Yana wenyewe?"

Nikamtazama. Serikali nzima ilikuwa imesimama pale ndani ya gwanda lile.

"Huyo mchawi mwenye nywele za zambarau ni mwanangu," nikamwambia. "Hatoki. Na mimi sitoki. Kampigie simu unayemtaka."

Akaenda kupiga simu. Nikamgeukia Kunguru. "Dada, mna vichupa vingine?"

Akafungua mkoba. Vilikuwa vimejaa.

"Mnakula hii rangi?"

"Tunapendeza nayo, mzee. Nyoosha mkono."

Tukaenda kaburi hadi kaburi. Palipofutika mimi nilipapasa herufi kwa kidole, nikazichonga kwa patasi, wao wakajaza nyuma yangu. Polisi hakuja, labda naye alikuwa semina.

Jumatatu mkaguzi akafika. Alipita safu nzima, kopo halijafunguliwa, akitafuta pa kupaka. Akasimama kwa mke wangu.

"Nani kawaruhusu kuandika hapa?"

Nikamwonyesha vidole vyangu, vyeusi hadi kwenye kucha. Binti yangu na wenzake wakaja kusimama nami.

"Linasomeka au halisomeki?" nikamuuliza.

"Linasomeka."

"Basi lisome. Kwa sauti."

Akalisoma, jina lake lote. Binti yangu akanishika mkono.

"Haya," nikasema, "na linalofuata."