Salamu ya Kuchuchumaa

Asubuhi vidole vya Tulinagwe vilikuwa havikunjiki hata kushika kikombe. Dawa ya homoni aliyokuwa akimeza kila siku tangu atolewe uvimbe wa titi ilikuwa ikizuia saratani isirudi, na papo hapo ikimkaza viungo. Vidole alivivumilia. Magoti ndiyo yaliyomtia hofu, maana wakwe kutoka Bujonde walikuwa wanakuja Ipyana kumposa binti yake Tumaini, na mama wa Kinyakyusa hasalimii wakwe akiwa wima.

"Nitaiacha wiki mbili," alimwambia mdogo wake Keziya. "Wakiondoka naendelea."

"Na saratani nayo utaiambia isubiri wakwe waondoke?"

Tulinagwe akampigia simu nesi wa kliniki, akaambiwa asithubutu kuiacha: atembee kila siku, asubuhi aloweke mikono kwenye maji ya vuguvugu, na maumivu yakizidi amwone daktari amtafutie dawa nyingine. Basi kila jioni wakawa wanatembea kando ya mashamba ya mpunga, na wakirudi wanafanya mazoezi ya kuchuchumaa jikoni. Keziya alikaa kwenye kigoda akajifanya mkwe, kidevu juu.

"Chini zaidi, mama. Bujonde hatusalimiwi nusu."

"Bujonde mna maneno mengi."

Siku ilipofika alikuwa anashuka bila kushika nguzo.

Wageni walipoingia uani, alishuka vizuri kabisa mbele ya mama wa kijana, Angetile, mwanamke mrefu wa kitenge kipya. "Mugonile," alimwamkia. Hapo hapo msuli wa mguu wa kulia ukakaza kama kamba inayovutwa na ng'ombe. Akabaki chini.

Angetile hakuwahi kupewa heshima ndefu namna ile, na hakutaka ionekane Bujonde hawana adabu. Akachuchumaa naye. Mashangazi wawili nyuma yake wakafuata. Wanawake wa Ipyana, kuona wageni wako chini, nao wakashuka. Wakabaki wima wanaume peke yao, wakitazamana.

"Mkwe," Angetile alinong'ona hatimaye, "hii salamu inaisha lini?"

"Ilishaisha, mkwe. Ni mguu umekaza. Nameza dawa ya saratani, inanibana viungo."

Angetile alifikiri kidogo. "Basi wewe una sababu. Mimi ni uzee tu, na sidhani kama nitainuka."

Keziya ndiye aliyeanza kucheka, kisha ua mzima. Alimkalisha dada yake, akamnyoosha mguu na kuvuta vidole kuelekea gotini mpaka msuli ukaachia. Wakwe wawili wakashikana mikono, wakainuka pamoja, kila mmoja akimlalamikia mwenzake uzito.

Posa ilikubaliwa kabla chai haijapoa. Angetile aliongeza sharti moja: siku ya harusi akina mama watasalimiana wakiwa wamekaa kwenye viti.

"Na atakayechuchumaa?" Tulinagwe aliuliza.

"Atajiinua mwenyewe."