Mazoezi Huanza na Nyayo

Jumanne saa kumi alasiri, kwenye ukumbi wa parokia mtaa wa Soweto, Mbeya, waigizaji sita walivua viatu wakavipanga ukutani. Walikuwa wakiandaa mchezo wa kusherehekea miaka kumi ya shamba kubwa la mpunga kule Usangu. Mwalimu wao, Sosthenes, aliyejifunza kuigiza kwao Iringa enzi zile kila kiwanda kina kikundi chake, hakumruhusu mtu kugusa maneno kabla ya kuandaa miguu.

"Kichwa ni mwongo sana," alikuwa akisema. "Fumbeni macho, kumbukeni mahali mlipokanyaga mkiwa watoto. Anzeni na nyayo, mengine yatafuata."

Wengine walikumbuka kwa adabu, huku wakipiga miayo. Faustina, mama wa miaka hamsini na mbili anayeuza mchele sokoni, alikumbuka jaruba la mpunga la mama yake kule Ubaruku, Usangu, na saruji ya ukumbi ikaanza kulowa. Ilipofika saa kumi na nusu maji yalikuwa vifundoni, ya vuguvugu, na lile tope laini linalopenya kati ya vidole. Sosthenes aliandika kwenye daftari kwamba umakini wa Faustina ni mzuri. Kisha akaomba waya wa spika uinuliwe.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Hawakumjua Lugano, mtunza ukumbi, aliyeyazoa kila Jumanne kwa ndoo akamwagilia mchicha wake. Alilalamika mara moja tu, mpunga ulipochipua chini ya viti.

"Dada Faustina, mwezi ujao kuna kipaimara. Huo mpunga usizidi magoti."

Wiki ya nne likaja dungu, kile kichanja cha kulindia mpunga, na juu yake Mama Kalista, mama mzazi wa Faustina, marehemu wa miaka kumi na mitano, akiamia ndege kwa kugonga kopo.

"Kamwene, mama," alisalimia Faustina.

"Kamwene. Ndiyo umesimama tu? Ndege wanamaliza."

Basi Faustina akafanya mazoezi huku akirusha mabonge ya tope, na sauti yake ikafika viti vya nyuma. Sosthenes alisema hiyo ndiyo sauti aliyokuwa akiitafuta tangu Krismasi.

Wiki ya tano, kwenye kona ya kinanda, likatokea kaburi la Kalista. Hilo ndilo Faustina alilolitamani. Zamani kila mwaka, kabla ya kupanda, alikwenda Ubaruku kulipalilia. Kisha shamba kubwa likameza majaruba ya watu, likaweka geti, na miaka tisa sasa mlinzi humwambia alete barua. Amepeleka saba. Alipiga magoti kwenye maji akang'oa magugu mpaka la mwisho, akalia bila kujificha. Alikuwa amepakumbuka kwao kuliko alivyojua.

Jumanne iliyofuata meneja wa shamba, Bwana Edmund, alikuja kukagua mchezo. Alikunja suruali, akamwamkia Kalista, akausifia mpunga. Alipoliona kaburi alitoa ramani kwenye mkoba, akapima kwa hatua.

"Hapa ni ndani ya mpaka wetu," alisema kwa upole, akamgeukia Faustina. "Mama, wewe umepitia geti gani?"

"Nimekuja kwa nyayo," alijibu Faustina.

"Barua unayo?"

Hakuwa nayo. Alhamisi walikuja mafundi na nguzo na waya, wakaizungushia kona ile uzio. Lugano aliwasogezea kinanda, akawapa chai. Siku ya kipaimara askofu aliuzunguka uzio akaendelea na misa. Mwenye nguvu mpishe. Sherehe ya shamba nayo ikafana, na Faustina akapigiwa makofi marefu, hata na Bwana Edmund.

Jumanne baada ya sherehe walianza mchezo mwingine. Faustina alivua viatu, akafumba macho, na maji yakaja. Alilala kifudifudi, akapenyeza mkono chini ya waya, akapalilia kaburi upande wa miguuni.

"Na huku kichwani?" aliuliza Kalista kutoka dunguni.

"Mkono haufiki, mama."

"Haya," alisema Kalista, akarudia kopo lake.

Sosthenes alimngoja amalize, ndipo wakaanza maneno. Upande wa kichwani, magugu yamefika kiunoni.