Glasi ya Maziwa ya Shama

Robo saa kabla ya adhana ya magharibi, Shama aliinua glasi ya maziwa aliyowekewa ya kufungulia saumu yake ya kwanza, akainywa yote mbele ya wageni.

Binti huyo wa miaka minane alikuwa ameketishwa juu ya mito, amevikwa kaftani ya kijani na taji kama bibi harusi, kwani mtoto wa Meknes, mji wa Moroko, hafungi saumu yake ya kwanza kimyakimya.

"Haya, harusi imevunjika, tugawaneni supu ya harira twende zetu!" shangazi mmoja akatania.

Lalla Zhor, bibi yake Shama, hakucheka. "Mwongo mkubwa! Mwezi mzima anatuchezea, kila kosa anasema amesahau. Nani anasahau saumu naye amevaa kaftani ya saumu?"

"Nimesahau, Bibi. Wallahi nimesahau."

Driss, baba yake, alimshika kifundo cha mkono. "Ingia chumbani."

Batoul, mama mtoto, alisimama mlangoni. Miadi ya daktari wa watoto ilikuwa kesho asubuhi. Daktari alitaka karatasi mbili za maswali: ya shule, ambayo mwalimu alikwisha kuijaza, na ya nyumbani, iliyohitaji majibu ya wazazi wote wawili. Wiki mbili sasa Driss alikuwa akiisukuma kando, akisema mwanawe si mwendawazimu. Akimwadhibu leo kwa kumwona mwongo, Batoul alijua, hataigusa tena.

"Ngoja, Baba Shama. Mwizi wa maziwa huyaiba jikoni. Huyu kayanywa mbele yetu sote."

"Basi hana adabu."

"Adabu anayo. Tangu mwaka jana namtazama. Huvaa kiatu kimoja, cha pili akakiacha mlangoni. Kapoteza madaftari manne. Hesabu anaijua, lakini haimalizi. Shuleni hivyo, nyumbani hivyo. Umemwadhibu mara ngapi, na ipi imemsaidia?"

"Unamdekeza!" Lalla Zhor alidakia. "Shama! Mwangalie baba yako!"

Shama hakugeuka. Machozi yalikuwa hayajamkauka mashavuni, na mkono wake ulikuwa ungali umebanwa na baba yake, lakini macho yalikuwa ukutani, ambako vijiwe vya taji vilirusha madoa ya mwanga. Akainamisha kichwa kidogo, madoa yakacheza. Akatabasamu.

"Shama!" baba yake aliita, karibu kabisa na sikio lake. Macho hayakubanduka ukutani.

"Mmeona kiburi? Hata hasikii!" alisema bibi.

"Ndiyo, Mama, hasikii," Batoul alijibu kwa upole. "Ndilo ninalolisema siku zote."

Driss alimtazama binti yake kama mtu aliyepita njia moja miaka mingi na leo tu akauona mlango. Vidole vyake vikalegea.

"Iko wapi hiyo karatasi?"

Batoul aliitoa kifuani, imekunjwa mara nne. Akalisoma swali la kwanza: je, mtoto huonekana hasikilizi anaposemeshwa?

"Na daktari akisema hana kitu?" Driss aliuliza.

"Tutajua hana kitu."

Driss akaomba kalamu. Akatia alama penye *mara nyingi*, akaikandamiza hata karatasi ikakaribia kutoboka.

"Soma la pili," akasema.