Vijiti vya Ua Jekundu

Yaya Rachida, dada yangu mkubwa, alikataa pikipiki tangu mlangoni. Alikataa hata toleka, baiskeli zetu za kubeba watu.

"Kwa mama tunaenda na muguu," alisema. "Na mbele ya kufika kule, unitembeze muji. Miaka mingi sijaona Kisangani."

Ana miaka sitini na tatu. Alikuja kutoka Kinshasa na baleinière, boti la mbao la mtoni, siku kumi na saba juu ya magunia ya watu, na magoti yake yalikuwa yamevimba. Nikasema moyoni: bon, nitamtembeza mpaka achoke, kaburini tusifike. Mungu anisamehe.

Maana mimi Moussa, mdogo wake, nililipoteza kaburi la mama.

Niseme mara moja, nisirudie. Mama alikufa katika vita vya siku sita, mwaka elfu mbili, mabomu yakipita juu ya mabati yetu. Rachida alikuwa Kinshasa, upande mwingine wa vita, njia hakuna. Kwetu hatuandiki jina juu ya kaburi. Tunapanda kijiti upande wa kichwa, basi. Juma lile kila mtu alikuwa anazika, na wote tulikata vijiti kwenye kichaka kimoja cha ua jekundu, kando ya msikiti, kwa kuwa kwenda mbali kulikuwa kujitafutia risasi. Niliporudi baada ya mvua, vijiti vyote vilikuwa vimeshika mizizi. Huku maua mekundu, kule maua mekundu. Nilisimama pale kama mjinga, halafu nikachagua kaburi moja. Tangu nipate simu yenye kamera, kila Idi ninalilimia, ninapiga picha, ninamtumia yaya. Naye ananirudishia sauti, analia. Miaka kumi na moja ya kilio hicho ninayo ndani ya simu.

Donc tukaenda Wagenia kwanza, kwenye maporomoko ya mto. Jua lilikuwa bado changa, na wavuvi walikuwa juu ya miti yao mikubwa iliyosimamishwa katikati ya maji makali, wakivuta mitego. Nilidhani atatazama, atachoka. Yeye akakaa juu ya jiwe.

"Hapa mama alinunuaka samaki," alisema. "Alikuwa anabishana bei mpaka muvuvi anamuachia tu, ili aende."

Nikamvuta mpaka katikati ya mji, mguu kwa mguu, vumbi la pikipiki likituingia puani. Kwenye kanisa kuu, pale kando ya mto, akasimama tena. Hapo ndipo yeye na mama walipokuwa wakiuza mikate kila Jumapili, Waislamu wawili wakingoja Wakatoliki wamalize misa wakiwa na njaa. Mbele ya posta akanionyesha mahali mama alipompiga kofi. Sokoni tukala lituma na samaki, akasema ndizi hazikupondwa vizuri, mama angeirudisha sahani. Kila nilipompeleka, mama alikuwa amefika mbele yetu.

Mimi ndiye niliyekuwa ninachoka. Kamba ya sandali ilinichuna kidole mpaka damu, na jembe nililobeba begani kwa ajili ya kaburi lilikuwa limekuwa zito kama mtu. Lakini nilikuwa bado na daraja la Tshopo, mbali, jua likiwa kichwani. Nikampeleka.

Akatazama maporomoko na bwawa la umeme.

"Umeme yote inatoka hapa?"

"Ndiyo, njo hapa."

"Na kwako iko giza."

"Iko giza, yaya."

Akacheka kidogo, akajishika magoti. Nikaona nafasi yangu. Nikamwambia turudi nyumbani, miguu imevimba, kwa mama tutaenda kesho.

"Miguu ni yangu," alisema. "Twende."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilianza asubuhi na mapema, ikapita mji mzima, na jioni ikanifikisha palepale, makaburini.

Kwenye kaburi langu nililolichagua, mzee mmoja alikuwa amechuchumaa, kofia mkononi. Aliponiona na jembe, akasimama haraka akanishika mikono miwili.

"Kumbe ni weye," alisema. "Miye Amuri, wa Lubunga. Kuvuka mto kwa mutumbwi ni taabu, ninakuja mara moja kwa mwaka, na kila mara ninakuta kaburi ya papa yangu mwenye alinizaa iko safi. Nimeulizaka watu: nani? Mungu akulipe, ndugu yangu."

Aliniachia, akachuchumaa tena. Akaparuza udongo chini ya kijiti kwa kidole, ukatokea ukingo wa sahani ya bluu. "Wakati ya vita niliificha hapa," alisema. "Niliogopa kupoteza kaburi yake."

Alituaga, akaenda kuwahi mtumbwi wake. Yaya hakuniangalia. Alikaa chini, akavua viatu, akasugua miguu kwa muda mrefu.

"Miaka kumi na moja," alisema, "nalilia papa ya Amuri."

Nilihamishia jembe bega la pili.

"Njo maana umenizungusha kutwa."

"Njo maana."

"Mama iko wapi, Moussa?"

"Iko hapa, yaya."

"Hapa wapi?"

Nilitaka kuonyesha kwa mkono, na mkono haukujua pa kwenda. Mbele yetu vijiti vilikuwa vimekuwa vichaka, maua yamefungana, majani yamefika kiunoni. Nikamwambia sijui. Nililia, mtu mzima wa miaka hamsini na sita, na sikuona haya, maana nilikuwa nimechoka mno.

Yeye hakulia. Akashika kichaka, akajivuta mpaka akasimama, pekupeku, akalichukua jembe begani mwangu. Akaenda kwenye kaburi la jirani, lililofunikwa kabisa na majani, akaanza kulima.

"Ile si yake," nilisema. "Nani anajua ni ya nani?"

"Weye hujue, na miye sijue," alisema, bila kuinua kichwa. "Tutasafisha yote. Moja iko yake."