Korosho za Mama Mdogo

Msusi aliingia uani bila hodi, mkononi kashika kopo la korosho alilolikuta kwenye begi la binti yake. Nesi, mke mpya wa aliyekuwa mumewe, alikuwa anaanika sare zake za kazi.

"Unamlisha nini mwanangu?"

"Karibu kwanza, dada."

"Mimi si dada yako. Nimekuuliza."

"Korosho na karanga. Konzi moja kila asubuhi akilala hapa. Si dawa, lakini zinasaidia ubongo. Watoto wanaozila mara kwa mara wamepimwa, wakaonekana wanashika mambo vizuri zaidi."

Jana yake mwalimu alimsimamisha msusi getini, akamsifia binti yake, Kidoti, kwamba siku hizi anatulia darasani, kisha akaongeza, "Mshukuru mama yake mdogo na korosho zake." Msusi alicheka kwa meno ya nje, ndani anaungua. Yeye ndiye aliyemfundisha mtoto kuhesabu, vidole vyake vikiwa kwenye nywele za wateja. Leo akili zimeletwa na konzi ya korosho?

"Kwa hiyo kwangu alikuwa mjinga?"

"Sijasema hivyo."

"Mume umechukua, hukushiba. Sasa unataka na sifa za mtoto!"

Nesi alibana kibanio kwenye kamba. "Mume ulimfukuza mwenyewe. Mimi nilimkuta nje."

Msusi alifungua kopo, akamwaga korosho zote mtaroni. Kidoti, aliyekuwa amemfuata mama yake na kusimama mlangoni, akaangua kilio. Mama yake akamkamata mkono, wakaondoka.

Njiani alimuuliza, "Unazipenda za kwake kuliko za kwangu?"

"Kwako hakuna, mama."

Msusi akaongeza mwendo.

Asubuhi iliyofuata alikaanga karanga kabla wateja hawajaja. Za kwanza ziliungua. Akalaani sufuria, akamlaani na nesi, akakaanga nyingine.

"Kula. Mwalimu akikuuliza, mwambie ni za mama yako mzazi."

"Na nikienda kwa baba?"

"Za kule usiguse. Nikisikia harufu yake mdomoni mwako, utanitambua."

Ijumaa Kidoti alikwenda kwa baba yake. Alikula korosho za mama mdogo kama kawaida, na Jumapili, kabla ya kurudi, akapiga mswaki mara mbili.