Mita Thelathini Kutoka kwa Baba wa Ubatizo

Jumanne asubuhi Rosalbina Chautá alivaa buti zake za mpira, akajifunga kitambaa kichwani, akateremka mpaka nyuma ya banda la ngozi kuwasha pampu. Pipa lilikuwa linangoja maji. Ni pipa la mbao, pana kuliko chumba cha kulala, na huzungushwa kwa mota likiwa limejaa ngozi mbichi na chokaa mpaka manyoya yote yatoke. Pampu ilikohoa, ikameza hewa, ikazima. Rosalbina akalifuata bomba mpaka mwisho wake, akalikuta limelala kwenye tope. Palikuwa na mawe, tairi moja, mkia wa ng'ombe na povu la kijivu. Mto haukuwepo.

Akarudi jikoni. Mumewe Eliécer alikuwa anakunywa mchuzi wa maziwa na mayai, poncho mabegani kwa ajili ya baridi.

"Baba ameondoka," Rosalbina akasema.

"Baba yupi?"

"Wa ubatizo."

"Aa, huyo." Eliécer alipuliza kijiko. "Nimepishana naye kwenye tanuri la mikate. Alikuwa anapanda kuelekea kanisani."

"Na hukuniambia, mwanaume wewe!"

"Nilidhani mmeagana."

Mji wa Tibachoque wote ulikuwa umekwisha kuuona. Mto Susatá ulikuwa umetoka kwenye njia yake pale juu, kabla ya kufika kwenye viwanda vya ngozi, ukashika barabara. Ulipita upande wa kulia kama inavyotakiwa, ukalisubiri lori la maziwa lipite, ukazunguka ukuta wa makaburi, ukarudi kwenye njia yake kule chini, viwanda vikiwa vimeshapitwa. Hakuna nyumba iliyoingiwa na maji. Kule mtaani kwetu mtu akikuchoka hufanya hivyo hivyo: hakutukani, anabadilisha njia tu.

Rosalbina alikuwa na sababu ya kuumia kuliko wengine. Mwaka aliozaliwa, mlima uliporomoka ukafunga barabara, na baba wa ubatizo aliyechaguliwa akakwama upande wa pili. Padri alikuwa na haraka. Bibi yake Rosalbina akasema mto u hapa hapa, una umri kupita watu wote, na hakuna aliyewahi kuuona umelewa. Padri akalitafakari hilo la ulevi, akambatiza mtoto. Tangu hapo mto ulikuwa baba yake. Kila asubuhi aliuomba baraka. Siku ya komunyo yake ya kwanza ulimletea samaki mlangoni. Alipoolewa, ulijizuia usifanye kelele mpaka misa ikaisha.

Na kila siku, baada ya kuomba baraka, alifungua koki ya pipa na kuyaacha maji ya chokaa, manyoya na chumvi za kutengenezea ngozi yamiminike ndani ya huyo huyo baba. Baba yake mzazi alifanya hivyo, na babu pia. Hakuna aliyeona vibaya. Mto ni mkubwa, walisema, na ukubwa ni jaa.

Jumamosi alikwenda kumtembelea. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo alibeba kuku aliyefungwa miguu na kipande cha sukari guru kilichofungwa kwenye jani. Aliukuta mto umepumzika kivulini, kando ya ukuta wa makaburi.

"Nipe baraka, baba."

Mto ukatulia.

"Kama kosa ni langu, nionyeshe. Kama ni la wengine, nionyeshe pia, nikawaambie."

Ulimi mdogo wa maji ulitoka, ukapita kwenye majani, ukagusa ncha ya buti lake. Ukarudi nyuma haraka kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Rosalbina akainama, akanusa buti. Chokaa, na mayai yaliyooza. Harufu hiyo alikuwa ameishi nayo maisha yake yote na hakuwahi kuisikia. Alikaa chini kwenye majani, akalia, maana lilikuwa kosa lake na lilikuwa mguuni pake. Baada ya muda mto ulijongea tena, ukachukua sukari guru. Kuku haukumtaka.

Jumatatu akamwita Nidia Pachón wa ofisi ya mazingira. Watu wa Tibachoque walimwita Doctora, ingawa hakuwahi kumpiga mtu sindano; kwetu kila aliyesoma akafika mbali ni Doctora, na hana pa kukata rufaa. Kwa miaka alikuwa akija na pikipiki yake kuwaeleza wenye viwanda namna ya kupunguza uchafu, nao walimpa kahawa wakamsikiliza kama watu wanavyosikiliza mvua.

"Doctora, yale ya manyoya, hebu nieleze tena."

"Yale mliyonicheka?"

"Tulikucheka, kweli. Eliécer ndiye aliyecheka zaidi."

"Mimi nilikuwa nimekunywa," Eliécer akasema.

Nidia alivua kofia ya pikipiki, akakaa. Aliuliza mto umehama lini.

"Amehama Jumanne," Rosalbina akamsahihisha.

"Samahani. Amehama Jumanne."

Wakaanza na manyoya. Zamani waliyaacha ndani ya chokaa mpaka yakayeyuka yakawa uji. Sasa waliyachuja mapema, yakiwa bado manyoya, wakampa jirani ayafukie kwenye shamba la viazi, na viazi vikanenepa. Maji ya chokaa hayakumwagwa tena baada ya mara moja, yaliongezewa nguvu yakatumika kwa ngozi zilizofuata, na ya kujazia yalibebwa kwa ndoo kutoka mtoni, kule makaburini. Mabaki ya nyama na mafuta yalichukuliwa na mpika sabuni. Badala ya chumvi kali walitumia magome ya miti, kazi ya polepole inayomtaka mtu awe na subira na ngozi kama na mgonjwa. Maji machache yaliyobaki yalipitishwa kwenye kokoto, kisha kwenye kitalu cha matete, na mwisho wake bata walikuwa wanayaogelea bila kulalamika. Ili yote hayo yawezekane, ng'ombe wa maziwa aliuzwa, na pikipiki ya Eliécer ikamfuata ng'ombe.

"Nimeuza pikipiki kwa ajili ya mkwe," Eliécer aliwaambia rafiki zake kilabuni. "Wenzangu huuza kwa ajili ya wanawake."

"Angalau mwanamke hurudi nyumbani," wakamjibu, wakacheka mpaka wakamwaga bia.

Upande wa pili wa njia ya zamani ya mto kilikuwepo kiwanda kikubwa cha Don Abelardo Forigua. Si mtu mbaya, Don Abelardo. Huvua kofia kwa wajane, na Krismasi humpelekea kila mfanyakazi kikapu. Mto ulipoondoka alikaa siku moja akifikiri, kisha akachimba kisima kirefu, maji yakapatikana. Machafu aliendelea kuyamwaga palepale, kwenye mtaro uliokuwa mto. Yalijivuta taratibu mpaka chini ya mji, na mto uliporudi kwenye njia yake ulikutana nayo.

Mwaka huo wapimaji walitoka mji mkuu na chupa zao. Walisimama nyuma ya kiwanda cha Don Abelardo wakatafuta mto wa kuchota. Hawakuuona. Nidia aliwaonyesha mtaro, rangi yake na harufu yake. Wakasema wao wametumwa kupima mto. Aliwataka wateremke naye mpaka chini ya mji. Wakasema huko ni wilaya nyingine. Na kiwanda kisichokuwa na mto hakiwezi kuchafua mto, kwa hiyo wakampa Don Abelardo kibao cha shaba kilichoandikwa Rafiki wa Maji. Alikipigilia juu ya lango, akachoma nguruwe mzima aliyejazwa wali, akaualika mji wote, na mji ukala ukashiba. Nidia hakwenda. Alikuwa kwa Rosalbina, amepiga magoti kwenye matete, anang'oa magugu kwa hasira.

Jumapili moja baada ya misa, Rosalbina alikuwa anamenya viazi uani. Alisikia mtu anasafisha koo. Maji yalikuwa yanateremka kutoka barabarani, yakipita katikati ya matuta ya jirani bila kung'oa kiazi hata kimoja. Yalifika langoni, yakasimama. Rosalbina akafuta mikono kwenye aproni, akafungua lango lote.

Mto uliingia. Ulipita kati ya nyumba na banda, ukalizunguka pipa, ukalinusa, ukayaonja maji ya matete, ukakaa. Ulikuwa na maji meupe ambayo hata Rosalbina hakuwahi kuyaona, ya kule juu mlimani, na mawe yalionekana chini yake.

"Nipe baraka, baba," akasema.

Maji yalipanda mpaka kwenye vifundo vyake, yakatulia hapo. Eliécer alitoka nje, akaangalia, akaingia ndani, akarudi na kiti akakiweka ukingoni. "Karibu, mzee," akasema. "Pikipiki nimekusamehe."

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri, na sioni aibu kusema ni mizuri kuliko yote waliyopata kuwa nayo. Ngozi za Rosalbina zilitoka laini, rangi ya asali, na mshona viatu wa mjini alichukua zote na kutaka nyingine. Akina mama walikuja kuchota maji ya kupikia uani kwake, jambo ambalo mji ule haukuwahi kulifanya karibu na kiwanda cha ngozi. Wenye mabanda mengine walianza kuuliza, mmoja mmoja, huku wakijifanya wamepita tu, kuhusu yale ya manyoya.

Kisha Nidia akaja, akakaa kwenye kiti cha ukingoni, hakuvua kofia ya pikipiki. Rosalbina alimpa kikombe cha maji moto ya sukari guru. Nidia alikishika kwa mikono miwili na hakunywa.

"Mama Rosalbina, kuna sheria mpya ya kingo za mito."

"Naijua. Mita thelathini. Hairuhusiwi kiwanda."

"Hairuhusiwi."

Rosalbina aliangalia banda lake. Toka mto ulipolala mpaka kwenye pipa hata paka asingehitaji kuruka.

"Lakini nimesafisha, Doctora. Wewe mwenyewe umesafisha. Amekuja kwa sababu nimesafisha."

"Nimewaambia. Nimesema mpaka wamenitoa kwenye kikao. Sheria haiulizi maji ni safi au machafu, inauliza mto uko wapi. Uko... yuko hapa."

"Na Don Abelardo?"

"Don Abelardo hana mto."

Wanasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Huu wa kwetu ulikuwa na meno upande mmoja. Eliécer alitoka kwenye mlango wa jikoni alikokuwa anasikiliza.

"Si asogee?" akasema. "Mita thelathini tu. Pale kwa jirani, kwenye viazi. Mwambie, Rosalbina. Wewe anakusikia."

Hakuhitaji kuambiwa. Mto ulikuwa umeshasikia, na ulikuwa umeanza kujikusanya, kimya kimya, kama mgeni anapowasikia wenyeji wakigombana juu ya chakula. Maji yalikuwa yameachana na ukingo na mawe ya pembeni yameanza kukauka. Ungesogea. Ungetoka langoni na kurudi barabarani, ukapita makaburini tena bila kinyongo, na banda lingebaki, na pipa, na mshona viatu wa mjini.

Rosalbina alikaa akiyaangalia yale mawe. Alikuwa na miaka hamsini na ushee, na kazi nyingine hakuijua. Nidia alikuwa ameinamisha kichwa. Nadhani kama Rosalbina angesema "sogea," hakuna ambaye angemlaumu, na mto ungekuwa wa mwisho kumlaumu.

"Kaa, baba," akasema. "Hapa ni kwako."

"Rosalbina," Eliécer akasema.

"Nilimtupia uchafu miaka yote hiyo hakunifukuza. Leo amekuja kwangu msafi, nimfukuze mimi?"

Eliécer alikwenda nyuma ya nyumba, wakamsikia anapasua kuni ambazo hazikuhitajika. Mto ulibaki pale ulipofika, ukisitasita. Ilichukua mpaka jioni kurudi kwenye mawe yake.

Nidia aliufunga utepe wa ofisi, ule wa kusimamisha kazi, kwenye pipa kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu hakutaka afunge mwingine. Wenye mabanda mengine waliacha kuuliza yale ya manyoya. Walikuwa wameona mto huwafuata wanaosafisha, na walikuwa na watoto wa kulisha. Waliongeza chokaa.

Kazi Tibachoque ni ya viazi au ya ngozi, na viazi vilikuwa vimekwisha kuvunwa. Don Abelardo, aliposikia, alivua kofia akasema mlango wake uko wazi, na hakusema kwa dhihaka. Rosalbina akaajiriwa kwenye mapipa ya chokaa. Siku ya kwanza msimamizi, kijana mpole aitwaye Wilmar, alimwonyesha sehemu ya kubadilishia nguo, sehemu ya kulia chakula, kisha akampeleka kwenye koki kubwa ya nyuma, inayofunguliwa pipa likimaliza kuzunguka.

Rosalbina alishika koki. Kupitia tundu la pipa aliyaona manyoya yakielea kwenye ule uji, na mikono yake ikatafuta chujio ambalo halikuwepo.

"Haya yanakwenda wapi?" akauliza, ingawa alijua.

"Hapo mtaroni."

"Na mto?"

Wilmar alichungulia nje, huku na huku, kwa heshima, kama mtu anayemtafutia mama mzee kitu alichoangusha.

"Hapa hakuna mto, mama," akasema. "Mwaga tu."

Akamwaga.